Mtihani wa Kuingia Uuguzi

Swali: Msomaji wa Kitale anauliza jinsi ya kujiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi.

Jibu: Katika matawi ya Kitale na Bungoma ya KMTC, yaani Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, uteuzi wa stashahada ya uuguzi hautegemei mtihani wa kuingia bali alama za KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, ambapo mwombaji hutarajiwa kuwa na wastani wa C, pamoja na C katika biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo maandalizi ya kweli huanza katika maabara ya shule, wala hayangojei barua ya mwaliko. Hisabati, ambayo wengi huipuuza kimakosa, ndiyo humwezesha muuguzi kukokotoa dozi, yaani kiasi cha dawa anachostahili mgonjwa, na kosa la nukta moja ya desimali huweza kumuua mtoto mchanga. Masomo huchukua miaka 3, yakichanganya anatomia, ambayo ni elimu ya maumbile ya mwili, na mazoezi ya wodini yenye zamu za usiku, na mhitimu hapati leseni kabla ya kufaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya.