Kumkaribisha Mgeni Katika Siku za Akili Mnemba

Soma: Mwanzo 18:1–8, Waebrania 13:1–2



Ibrahimu alipowaona watu watatu karibu na hema yake, hakungoja waombe. Alitoka mbio kuwapokea. Tuangalie jambo moja: kuoka mikate alimwachia Sara, na kupika nyama alimwachia mtumishi, bali kusimama karibu na wageni walipokuwa wakila hakumwachia mtu.

Wengi katika pwani yetu hupata riziki kwa kazi ya wageni, na kazi hiyo inabadilika. Mtalii angali kwao huiuliza programu ya akili mnemba aende wapi na alale wapi. Hoteli nazo huzitumia programu hizo kujibu maswali ya usiku, kufasiri lugha na kupanga bei za vyumba. Je, Mkristo alitazameje jambo hili?

1. Chombo chema kitumike. Mgeni mgonjwa asiyejua Kiswahili wala Kiingereza aweza leo kumweleza mhudumu maumivu yake kwa msaada wa simu. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

2. Kukaribisha si kujibu tu. Mwaka 2015 hoteli iitwayo Henn na ilifunguliwa Nagasaki, Japani, na wapokeaji wake walikuwa roboti. Chumbani palikuwa na kidoli cha kumsaidia mgeni. Mgeni alipokoroma, kidoli kilidhani anaitwa, kikamwamsha kumwuliza anataka nini! Kufikia mwaka 2019 hoteli ilikuwa imeziondoa zaidi ya nusu ya roboti zake 243. Mashine ilisikia sauti, lakini haikujua kwamba mtu amechoka.

3. Neno liwe na mwenyewe. Mwaka 2022 abiria mmoja wa Kanada alifiwa na bibi yake. Programu ya shirika la ndege la Air Canada ilimwambia aweza kukata tiketi, kisha aombe baadaye punguzo la nauli kwa wafiwa. Alipoomba, alinyimwa, kwa kuwa sheria za shirika hazikuruhusu hivyo. Katika baraza la usuluhishi shirika lilijitetea kana kwamba programu ile yajibu kwa nafsi yake. Februari 2024 baraza lilikataa utetezi huo, na shirika likaamriwa kumlipa. Nasi tujue kwamba anayeiweka mashine mlangoni pake hubeba dhamana ya maneno yake. Bwana wetu alitaka neno letu litegemewe (Mathayo 5:37).

4. Ushuhuda ni kazi ya mtu. Kanisa Kuu letu la Mkunazini, Unguja, lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka huo simu yaweza kumtajia mgeni. Lakini akili mnemba hukusanya yaliyoandikwa na wengine, na mara nyingine hukosea kwa maneno ya uhakika kabisa. Mgeni akiingia pale na moyo wake ukashtuka, ahitaji mtu wa kunyamaza pamoja naye, na pengine kuomba pamoja naye.

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wenyeji nao wana haki ya kupona. Basi mwenye hoteli, kabla ya kuweka mashine mahali pa kijana wa mapokezi, na aulize kijana yule atakula wapi. Wewe nawe kijana, jifunze chombo hiki, ila usiache kuwa na uso wa furaha na neno la kweli, maana hayo mashine haina.

Maswali ya kujadiliana
(a) Ni kazi zipi za kumhudumia mgeni twaweza kuiachia mashine, na zipi hatuwezi?
(b) Mgeni akiambiwa uongo na programu ya hoteli yako, utafanya nini?
(c) Mgeni akija kanisani kwetu Jumapili, nani humpokea?

Sala: Ee Bwana, uliyekuwa mgeni kati yetu, tupe macho ya kukutambua mlangoni petu. Amina.