Taarifa ya biashara: takwimu zimetoka wapi?

Mfanyabiashara wa korosho wa Mtwara anayempelekea mnunuzi taarifa ya mzigo asiishie kuandika "korosho ni nzuri sana". Aeleze unyevu kwa asilimia, idadi ya korosho katika kilo moja, na uzito unaopatikana baada ya kubangua gunia la kilo 80. Aonyeshe pia sampuli ilichukuliwa ghala gani, lini, na katika magunia mangapi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo huachwa mara nyingi, nayo ndiyo humshawishi mwenye fedha.

Bandari ya Mtwara ilijengwa kutokana na taarifa iliyoshawishi kupita kiasi. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, ukitazama sehemu kubwa ya ardhi kutoka kwenye ndege, kisha ukashauri zilimwe ekari zaidi ya milioni 3 za karanga. Hesabu zilipangwa vizuri, na serikali ya Uingereza ikakubali. Kilichopungua ni majaribio ya udongo na kumbukumbu za mvua za miaka ya kutosha. Januari 1951 mpango ulivunjwa, hasara ikiwa pauni milioni 36 hivi. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea nayo ilifungwa miaka ya 1960.

Kwa hiyo, katika mchanganuo wa kuombea mkopo, kadirio liitwe kadirio. Likae ukurasa wa kwanza, si kwenye viambatisho, pamoja na hesabu ya pili: bei ya mnada ikishuka kwa robo, benki italipwa kutoka wapi?