Dawa Ikipungua Nguvu, Usijiongezee
Nasaha kwa wenye maumivu ya muda mrefu, Arusha mjini na pembezoni mwa Mlima Meru

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya malalamiko. Yameletwa mbele ya ofisi hii kutoka Sakina na Ngaramtoni, kutoka Tengeru hadi Usa River, na japokuwa kila mlalamikaji ana lake, kiini cha yote ni kimoja: mgonjwa aliyekuwa akitulizwa na dawa kali ya maumivu ameona siku hizi haimshiki kama zamani, naye, badala ya kumrudia tabibu aliyemwandikia, amejiongezea mwenyewe, alipokwisha kujiongezea ikamwishia kabla ya tarehe yake, na ilipomwishia akaingia madukani kutafuta ya magendo. Wapo waliofikishwa hospitali hawajitambui. Wapo ambao jamaa zao hawakuwahi hata kuwafikisha.

Tunafahamu kwamba wengi watakaokisoma hawatuamini, na mtu aliyezoea kurudishwa dirishani kwa maneno ya ukali hawezi kulaumiwa akidhani kwamba karatasi yenye muhuri imekuja kumnyang'anya dawa yake. Hasha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, ambao ndio asili ya masharti mengi yanayozihusu dawa hizi ulimwenguni, umekiri katika dibaji yake kwamba matumizi yake katika tiba hayana budi kuendelea ili watu wapunguziwe maumivu na mateso. Na Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na ukali wake wote kwa wafanya magendo, haikumharamishia mgonjwa kumeza alichoandikiwa kwa haki. Tena Arusha ina sababu ya kujivuna katika jambo hili, maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wauguzi wa hospitali ya Selian wamekuwa wakiwafuata wagonjwa wa saratani na wa UKIMWI majumbani mwao, zama ambazo mahali pengi barani Afrika mtu wa namna hiyo aliachwa alie mpaka mauti yamfike. Heshima hiyo hatutaki ipotee kwa uzembe wa wachache.

Maumivu ya hapa kwetu

Si saratani peke yake. Maji ya mito na chemchemi nyingi za Meru hupita katika miamba iliyotoka tumboni mwa volkano na kubeba madini ya floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani limeyawekea kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, ilhali katika sehemu kadhaa za Maji ya Chai, Ngurdoto na jirani zake kikomo hicho hupitwa mara nyingi. Na magadi yanayotiwa chunguni ili maharage yaive upesi huongeza madini yale yale. Meno ya kahawia kila mtu huyaona. Yasiyoonekana ni mifupa, ambayo kwa muda wa miaka hukakamaa na kuota mahali pasipostahili, viungo vikaganda, uti wa mgongo ukapoteza unyumbufu wake, na mtu wa makamo akawa hawezi kuinama kuchuma kahawa wala kugeuza shingo amwone aliyemwita. Kituo cha Ngurdoto kimetafiti miaka mingi namna ya kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa, lakini chujio humkinga mtoto wa leo; mama yake aliyekwisha kukakamaa atabaki na maumivu yake, na ndiye tunayemhofia zaidi, kwa kuwa yake ni maumivu yasiyoua wala kupona.

Tumchukue mama huyo. Anakwenda duka la dawa karibu na stendi, anamweleza kijana wa dukani kwamba mgongo umemzidi na kwamba panado na diklofenaki zimeshindwa, na kijana anavuta chini ya meza pakiti ya tramadoli, anakata kapsuli nne kwa mkasi, anazifunga katika kipande cha gazeti. Hakuulizwa cheti cha daktari. Hakuulizwa kama ana kifafa. Jina la dawa limekatwa katikati, tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye kipande kilichobaki dukani. Usiku ule analala, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, naye anamwombea dua kijana yule. Baada ya miezi michache anameza mbili pale alipokuwa akimeza moja, kisha tatu, na maumivu yale yale yamekaa pale pale.

Mwili huzoea

Dawa za jamii hii, nazo ni mofini, kodeini, pethidini, tramadoli na nduguze, hufanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyomo ubongoni na katika uti wa mgongo, ambavyo vikishikwa kila siku kwa miezi mingi hupunguza mwitiko wake, hata kipimo kile kile kikawa hakileti tena nafuu ile ile. Haya ndiyo mazoea ya mwili. Si dalili ya udhaifu wa imani, wala si uraibu. Yanaweza kumpata mchungaji na shehe kama yanavyompata mlevi. Na si kila anayehitaji zaidi amezoea: aghalabu kwa mwenye saratani ni maradhi yenyewe yaliyosogea mbele, na wengine, kwa jambo linalowashangaza hata wenyewe, kadiri dawa inavyoongezwa ndivyo mwili wao unavyozidi kuhisi maumivu, hata mguso wa shuka ukawauma. Mambo haya matatu yana tiba tatu zilizo mbalimbali, na mgonjwa akiwa peke yake chumbani hana njia ya kuyapambanua.

Kwa hiyo tunasema, na tutasema tena: dawa ikipungua nguvu, usijiongezee.

Sababu yake kuu ni kwamba mwili hauzoei mambo yote kwa mwendo mmoja. Kichefuchefu na usingizi hupungua upesi. Kufunga choo, ashakum si matusi, hakupungui kabisa, na ndiyo maana anayeandikiwa mofini huandikiwa na dawa ya kulainisha haja. Ama pumzi, hapo ndipo penye mauti. Dawa hizi hupunguza mwendo wa kupumua, na nafuu inapofifia haina maana kwamba pumzi nayo imekwisha kupata kinga sawasawa. Anayefukuza nafuu kwa kuongeza huenda akaifikia hatari kabla ya kuifikia nafuu. Kibaya zaidi, kinga hiyo husahauliwa na mwili kwa muda wa siku chache tu. Mgonjwa aliyekwenda mazishini akaiacha chupa yake nyumbani, au aliyekosa dawa wiki nzima kwa kuwa imekwisha hospitali, akirudi na kuanza na kipimo chake cha zamani, kile alichokimeza mwaka mzima bila madhara, aweza kulala asiamke. Usirudie kipimo cha zamani. Rudi kwa aliyekuandikia, akuanzishe upya.

Tramadoli ina la kwake: mtu mzima hapaswi kupita miligramu 400 kwa siku, yaani kapsuli nane za miligramu 50, maana juu ya hapo huja degedege, na kwa mwenye kifafa huja hata chini ya hapo, na kapsuli za magendo, ambazo nguvu yake haijulikani, haziwezi kuhesabiwa kwa hesabu hii. Pombe nayo, iwe mbege ya msibani au konyagi, na vidonge vya usingizi vya jamii ya Valiamu, huuongeza uzito wa dawa hizi juu ya pumzi. Visichanganywe. Mofini ya maji ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe ulichopewa nayo, si kwa kijiko cha jikoni, kwa kuwa vijiko havilingani.

Wala usiache ghafla

Wako waliosoma habari za Marekani, ambako kampuni iliyoingiza sokoni OxyContin mwaka 1996 ilikiri mahakamani mwaka 2007 kwamba dawa hiyo ilinadiwa kwa maelezo ya kupotosha juu ya hatari yake, wakaingiwa na hofu na kutupa chupa chooni. Hilo nalo ni kosa. Aliyetumia kwa miezi akikata kwa siku moja atapatwa na kile ambacho vijana wa vijiweni hukiita arosto: miayo, kamasi, vipele vya baridi, kuhara, viungo kuuma, usiku usio na usingizi, na hapo mkono hurudi dukani wenyewe. Hupunguzwa kidogo kidogo, na kwa aliyetumia mwaka au zaidi daktari aghalabu hupunguza takriban fungu moja la kumi kwa mwezi.

Nani anastahiki mofini, kwa fomu ipi na kwa gharama ipi, yana masharti yake, na muuguzi wa tiba shufaa hospitalini atayaeleza; hapa hatutayarefusha. Uendapo, chukua chupa na pakiti zote, hata zilizokatwa na zile unazoona haya kuzitaja, useme kweli ya hesabu unayomeza, maana daktari aliyedanganywa hesabu hukuandikia kipimo cha mtu mwingine. Ukimkuta mgonjwa wako amelala haamshiki, anakoroma kwa shida, pumzi zinachelewana, midomo imegeuka rangi, usimwache amalize usingizi: mlaze ubavu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo pamoja na dawa alizomeza.

Na nyinyi wenye maduka ya dawa muhimu, mnajua kwamba kibali chenu hakijawaruhusu kuuza dawa hizi, kwa rejareja wala kwa kificho. Pakiti iliyo chini ya meza itatafutwa chini ya meza.