ULINZI WA KOMPYUTA KATIKA SKULI NA MAKTABA: SOMO KUTOKA MAREKANI

Walimu wakuu, wakutubi, wajumbe wa kamati za skuli na wananchi kwa jumla wanaombwa kuusoma ukurasa huu kwa makini.

Daftari la wanafunzi lililokuwa likifungiwa kabatini, leo aghalabu limo ndani ya kompyuta. Kabati likivunjwa, kila apitaye huliona. Kompyuta ikivunjwa, mwenyewe huenda asitambue mpaka siku nyingi zipite.

Yaliyotokea Marekani yanatosha kuwa funzo. Mwezi wa Septemba 2022, wezi wa mitandao waliziingilia kompyuta za wilaya ya skuli za Los Angeles, ambayo ni ya pili kwa ukubwa nchini humo. Walidai kikombozi, wakuu wa wilaya wakakataa kulipa. Mwezi uliofuata wezi wakayatangaza hadharani majalada waliyoyaiba, na baadaye ikathibitika kuwa miongoni mwake zimo tathmini za wanafunzi wapatao 2,000. Maji yakimwagika hayazoleki: fedha iliyoibiwa huweza kurudishwa, lakini siri ya mtoto ikishaenea hairudi.

Mwezi wa Mei 2024 ikawa zamu ya Maktaba ya Umma ya Seattle. Orodha ya vitabu, vitabu vya kielektroniki na kompyuta za wasomaji vyote vilisimama, na wakutubi wakarejea kuandika maazimo kwa karatasi. Izingatiwe kuwa mashambulizi yote mawili yalifanywa katika mapumziko ya sikukuu, wakati ofisi zimefungwa na walinzi ni wachache.

Serikali ya nchi hiyo ilifanya nini? Tokea sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, skuli na maktaba za huko husaidiwa kulipia intaneti kwa mpango uitwao E-Rate. Fedha zake hutokana na michango ya makampuni ya simu, ambayo nayo huirejesha kwa wateja katika ankara zao. Mfuko hulipia kati ya asilimia 20 na 90 ya gharama, na skuli yenye watoto wengi wa kimaskini hupata zaidi. Hata hivyo, kwa miaka mingi mpango huo uligharimia njia ya kuingilia, na katika ulinzi haukulipia zaidi ya ukuta wa kinga wa kawaida. Njia ikapanuka, mlango ukabaki na komeo dogo.

Kwa ajili hiyo, mwezi wa Juni 2024, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ilipitisha mpango wa majaribio wa miaka 3 wenye dola milioni 200. Fedha hizo zimekusudiwa mambo manne:

(a) kuta za kinga za kisasa zaidi;
(b) kulinda kila kompyuta iliyounganishwa;
(c) kuhakikisha kuwa anayeingia ndiye mwenyewe;
(d) kuangalia mtandao wakati wote na kuchukua hatua mara hatari inapoonekana.

Waombaji 2,734 walijitokeza, na jumla ya maombi yao ikafikia dola bilioni 3.7, yaani zaidi ya mara 18 ya fedha iliyokuwepo. Mwezi wa Januari 2025 walitangazwa waliochaguliwa: 707, takriban mmoja katika kila wanne. Katika hao, maktaba zilikuwa 50 tu. Ikiwa nchi tajiri kiasi hicho haikuweza kuwatosheleza wote, ni dhahiri kuwa hakuna skuli ipasayo kukaa ikingojea fungu la serikali ndipo ianze kujilinda.

Yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi, nayo yanashauriwa kila mahali penye kompyuta:

1. Kila mtumishi awe na neno lake la siri, refu, asilolitumia penginepo wala kumpa mwenziwe.
2. Mtumishi akihama au akistaafu, ruhusa yake ya kuingia ifutwe siku hiyo hiyo.
3. Nakala za kumbukumbu zihifadhiwe mbali na kompyuta, bila ya kuunganishwa nayo. Akiba haiozi, na mwenye nakala salama hana haja ya kumlipa mwizi ili arejeshewe kumbukumbu zake.
4. Barua pepe inayohimiza haraka isifunguliwe viambatisho vyake kabla ya kumuuliza anayedaiwa kuwa ameiandika.
5. Programu zisasishwe kila marekebisho yanapotolewa.
6. Kabla ya likizo, apangwe mtu wa kuangalia mitambo, na nambari yake ya simu ijulikane.
7. Taarifa ya mtoto isiyohitajika isikusanywe. Kisichokuwemo hakiibiwi.

Wazee nao wana haki ya kuiuliza skuli: taarifa za mwanangu zimewekwa wapi, na nani anaziona? Mwalimu anayeulizwa asione ameshutumiwa, kwani mtoto ni amana, na jina lake na habari zake ni sehemu ya amana hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.