SOMO LA 23: SAHANI ZILIVUNJWA, AU ZILIKUWA ZIMEVUNJIKA?

I. Kisa

Mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliagiza sanduku la sahani kutoka Kampala. Sanduku lilipita mpakani Kasindi ndani ya lori, likafika dukani jioni. Mwana wa seremala mmoja alikuwa akibeba mizigo pale wakati wa likizo, apate fedha ya madaftari. Akaambiwa alifungue sanduku. Alipoondoa majani makavu ya juu, akakuta sahani 2 ni vipande vitupu.

Karani alikuwa amesimama karibu naye, akaona yote. Basi akawaandikia watu wa Kampala barua kwa Kiingereza, ili warudishe bei ya sahani zile. Akaandika hivi:

Two plates were broken when the boy opened the box.

Jibu likarudi: «Pole sana. Lakini ikiwa kijana wenu alizivunja alipofungua sanduku, sisi hatuna deni.» Bwana wa duka akakasirika. Akamwita kijana, akamwambia: «Utalipa wewe. Nitakata mshahara wako.» Kijana akasema: «Bwana, sikuzivunja.» Lakini barua ilikuwa mezani, na maneno ya barua yalionekana kuwa na nguvu kuliko maneno ya mtoto.

Jioni baba yake akampeleka kwa mwalimu. Mwalimu akasoma nakala ya barua mara mbili, akasema: «Baba, karani hakusema uwongo. Lakini sentensi yake ni nyumba yenye milango miwili. Yeye aliingia kwa mlango mmoja, na watu wa Kampala wakaingia kwa mlango mwingine.»

Watoto, tuitazame milango hiyo miwili.

II. Maelezo

Kiswahili chetu kina maneno mawili tofauti. Tunasema: Sahani zilivunjwa. Hapo yuko mtu aliyezivunja, hata kama hatumtaji. Tunasema tena: Sahani zimevunjika. Hapo tunaeleza hali ya sahani tu, hatumshitaki mtu. Twaweza kusema «zilivunjwa na mtoto», lakini hatusemi «zilivunjika na mtoto». Masikio yenyewe yanakataa.

Kiingereza hakina mgawanyo huo katika neno broken. Neno hilo moja linafanya kazi mbili:

1. Kazi ya kitendo. The plate was broken by the boy. Sahani ilivunjwa na kijana. Hii ni kauli ya kutendwa: jambo lilitokea, mtu alilifanya.

2. Kazi ya sifa. The plate is broken, I cannot use it. Sahani imevunjika, siwezi kuitumia. Hapa broken ni kama neno «chafu» au «kubwa»: linaeleza kitu kilivyo.

Ndiyo sababu barua ya karani ilikuwa na maana mbili. Yeye alitaka kusema: Kijana alipofungua sanduku, sahani 2 zilikuwa zimevunjika tayari. Watu wa Kampala walisoma: Kijana alipofungua sanduku, sahani 2 zilivunjwa.

III. Alama za kutambua

Ukisoma sentensi ya Kiingereza ya namna hii, jiulize kwanza: Je, inaniambia jambo lililotokea, au inaniambia hali ya kitu? Kisha tafuta alama hizi.

Alama ya 1: neno by pamoja na mtu. The box was opened by the clerk. Sanduku lilifunguliwa na karani. Mara nyingi hiki ni kitendo.

Alama ya 2: neno very. I am very tired. Nimechoka sana. Hapa tired ni sifa. Usiulize: Nani amekuchosha? Mtu anakueleza hali yake tu. Lakini hatusemi «The box was very opened by the clerk», maana kile ni kitendo.

Alama ya 3: neno being. Hili linaonyesha kitendo kinachoendelea. Linganisha:
The shop is being closed. Duka linafungwa sasa. Kimbia, labda utapata chumvi!
The shop is closed. Duka limefungwa. Rudi nyumbani.

Alama ya 4: maneno ya saa. The shop is closed today. Leo duka limefungwa: ni hali. The shop is closed every day at six o'clock. Kila siku saa 12 jioni duka hufungwa: ni kitendo, mtu hushika ufunguo na kufunga.

Angalieni sana: kwa kufunga, Kiingereza hutumia closed kwa hali na kwa kitendo. Kwa kufungua, kina maneno mawili. The shop is open: duka li wazi. The shop is opened by the guard: duka hufunguliwa na mlinzi. Wanafunzi wengi huandika «The shop is opened today» wakitaka kusema kwamba duka li wazi. Hilo ni kosa. Andika open.

IV. Kitendo na sifa pamoja

Kuna namna nyingine nzuri: kauli ya kutendwa hutangulia, na sifa hufuata nyuma yake.

The door was left open. Mlango uliachwa wazi.
The chair was painted green. Kiti kilipakwa rangi ya kijani.
The child was found asleep. Mtoto alikutwa amelala.

Tazama sentensi ya mwisho. Mtoto alikutwa: hicho ndicho kitendo. Amelala: hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo tangu mbele. Waliomkuta hawakumlaza.

Sasa mnaweza kukisia mwalimu alifanya nini. Alikwenda dukani kesho yake, akaketi pamoja na karani, nao wakaandika barua ya pili:

When the boy opened the box, two plates were found broken.

Kijana alipofungua sanduku, sahani 2 zilikutwa zimevunjika. Mlango mmoja ukafungwa, ukabaki ule wa kweli. Watu wa Kampala wakarudisha bei ya sahani, na kijana akapata mshahara wake wote.

Shikeni neno hili: anayeandika vibaya si yeye anayelipa kila mara. Mara nyingine hulipa mtu mwingine ambaye hakushika kalamu.

V. Mazoezi

A. Sema kama ni kitendo au hali, kisha utafsiri kwa Kiswahili.
1. The window is broken, and the rain comes in.
2. The window was broken by a stone.
3. My mother is very tired.
4. The road is being repaired.
5. The goat was found dead.

B. Andika kwa Kiingereza.
1. Duka li wazi leo.
2. Sanduku lilifunguliwa na mwalimu.
3. Dirisha liliachwa wazi.

C. Sentensi hii ina milango miwili: The gate was closed when we arrived. Eleza maana zake zote mbili kwa Kiswahili. Kisha iandike tena kwa Kiingereza, ibaki na maana moja tu.