Lipi Tukiachie Chombo, Lipi Tulishike kwa Mkono

Kila niingiapo katika kundi jipya la watunga programu, suala la kwanza aghalabu huwa ni hili: kazi tuipitishe katika zana za ushirikiano, au tuendelee kupelekeana mafaili kwa WhatsApp na kukumbushana kwa mdomo? Kanuni niishikayo, kwa kuwa nimezifuata njia zote mbili, ni kwamba chombo kipewe dhamana ya yanayotaka kumbukumbu na ulinganishi, na mwanadamu abaki na yanayotaka kufahamu maana.

Wala njia ya mkono si ya kubezwa, kwani Linux, iliyoanza mwaka 1991, ilikua miaka mingi huku Linus Torvalds akipokea marekebisho kwa barua pepe na kuyaingiza mwenyewe, hata mzigo ulipomwelemea akahamia BitKeeper, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya programu, mwaka 2002, na ruhusa ya kuitumia bure ilipoondolewa mwaka 2005, akaiandika Git ishike nafasi yake.

Basi anzeni na Git, hata mkiwa wawili, maana gharama yake ni haba, nayo hueleza nani aliubadili mstari upi na lini. Lakini ujueni mpaka wake. Wawili wakibadili mstari mmoja kwa namna tafauti, Git husimama na kuweka alama ya <<<<<<< ili mtu aamue. Ilhali mmoja akigeuza hesabu ya ada kutoka shilingi kuwa senti, na mwenzake, katika faili jingine, akaandika stakabadhi inayotarajia shilingi, Git itayaunganisha yote bila kunung'unika, na mteja aliyelipa 5,000 atapewa stakabadhi ya 500,000. Kwa hiyo sharti mabadiliko yasomwe na mtu aijuaye biashara yenyewe, kisha liandikwe jaribio linalolipa 5,000 na kuisoma stakabadhi, liwe linaendeshwa na seva kila mara.

Katika kutoa toleo jipya, fanyeni kinyume: tangulizeni mkono. Andikeni orodha, yaani kuchukua nakala ya hifadhidata, kuendesha majaribio, kubadili namba ya toleo, kuwasha seva upya, na kuingia kama mteja wa kawaida. Ifuateni mpaka isiwe na la kuongezwa wala kupunguzwa, ndipo muigeuze skripti, madhali skripti ya utaratibu usiotulia huwa ni kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Idhini ya toleo kwenda kwa wateja, hata hivyo, ibaki kwa mtu.

Ama ubao wa kazi wa mtandaoni, watu watatu wa chumba kimoja hawauhitaji. Mmoja akiwa Unguja na mwingine Nairobi, hauepukiki.

Mkitaka kujua pa kuanzia, tazameni mwenzenu mmoja akienda likizo: je, waliobaki wataweza kutoa toleo bila kumpigia simu? Wasipoweza, jambo watakalomuulizia ndilo la kuandikwa kwanza, kisha kukabidhiwa chombo.