Kwa nini WhatsApp imeipita meseji ya kawaida

Meseji ya kwanza ilitumwa Desemba 1992. Nafasi yake ni herufi 160. Ukizidisha, mtandao huikata vipande na kila kipande huhesabiwa meseji. WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, haihesabu herufi, inakula bando. Ndiyo maana jumuiya ndogo ndogo hapa Sumbawanga hupanga sala ya jioni kwa ujumbe mmoja tu unaowafikia wote.

Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni sauti, iliyoongezwa mwaka 2013. Bibi asiyejua kuandika hubonyeza, husema kwa Kifipa, na mjukuu aliye Dar es Salaam husikia hata kikohozi chake. (Mjukuu mwenyewe huenda akajibu kwa Kiswahili.) Meseji haibebi hayo.

Hata hivyo meseji hufika kwenye kitochi kisicho na intaneti. Msiba ukitangazwa kwenye kundi tu, jirani mwenye kitochi, au ndugu wa kule Bonde la Rukwa, atapata habari baada ya maziko. Katibu wa jumuiya aandike namba zao pembeni, awapigie siku hiyohiyo.